Noreen Aspinall na Jumapili za Mvua

Noreen Aspinall hushona mapazia. Ndiyo kazi yake tangu alipotoka shule, kwanza kiwandani, na kiwanda kilipofungwa, katika kibanda chake mwenyewe ndani ya soko la Ogdenshaw, katikati ya muuza jibini na fundi viatu. Ukitaka pazia la kuzuia baridi, mwendee Noreen. Ukitaka kubembelezwa, mwendee muuza jibini.

Na kwa vile mapazia anayajua vizuri, ana sheria yake ya Jumapili asubuhi: pazia la chumbani halifunguliwi mpaka viatu vya baiskeli viwe miguuni. Anavaa gizani kama mwizi. Kwanza suruali ya kubana, kisha soksi za sufu, juu ya soksi mifuko ya plastiki iliyokuja na mkate, juu ya mifuko viatu. Halafu koti, halafu kofia. Hapo ndipo anavuta pazia kuangalia siku imeamkaje. Kwa wakati huo hata ikiwa inanyesha mawe, amechelewa kuogopa, maana kuyavua yote hayo ni kazi kubwa kuliko kutoka.

"Ukichungulia nje na gauni la kulalia umekwisha," humwambia kila mgeni wa chama chake cha baiskeli. "Kitanda kina mdomo. Kitakuita kwa jina lako la utotoni."

Mvua ya Ogdenshaw haina adabu. Hainyeshi ikaisha watu wakaendelea na shughuli zao. Inashuka kutoka nyika za juu ikiwa imelala ubavu, inaingilia mkononi inatokea kiatuni, na majira ya baridi inachanganyika na theluji isiyo na faida yoyote, haitoshi kufurahisha watoto, inatosha tu kukutia maji shingoni. Mume wa Noreen, Ken, ilimshinda. Siku moja alisimama dirishani na kikombe cha chai akasema, "Noreen, mimi naihama mvua hii." Akaenda kweli, akapanga kijumba Uhispania, na akamwita mkewe amfuate. Noreen alikwenda, akakaa mpaka ngozi ya pua ikamtoka, akarudi. Alisema hawezi kuishi mahali watu wanafunga mapazia mchana. Basi wakaachana bila kurushiana sahani. Mpaka leo Ken hupiga simu kila Jumapili mchana kumwambia jua la huko ni kali kiasi gani, kana kwamba yeye ndiye aliyeliwasha.

Alichoacha Ken ni baiskeli. Ilikuwa bandani inazeeka. Jumapili ya kwanza ya upweke nyumba ilikuwa kimya hata friji ilisikika kama mgeni anayekoroma. Noreen akaitoa baiskeli, akaipanguza kwa kipande cha pazia, akaenda nayo mpaka chini ya saa ya mjini, mahali chama cha waendesha baiskeli kinapokutana. Mvua ilikuwa inamwagika. Mwenyekiti wa wakati ule, mzee mmoja mwenye masharubu yanayotiririka, aliitazama baiskeli kutoka gurudumu hadi gurudumu.

"Mama, karibu sana," akasema. "Lakini hiyo haina madigadi. Kaa nyuma."

Hiyo ndiyo sheria yao, wala hakuna anayekasirika. Asiye na madigadi hukaa nyuma ya wote, kwa sababu gurudumu lake linamrushia tope usoni anayemfuata. Awe daktari, awe padri, atakaa nyuma. Noreen alikaa nyuma siku nzima akila tope la watu wenye madigadi mafupi. Alilia kidogo kwenye mlima wa pili, mvua ikamficha. Halafu wakafika juu kabisa, Withen Edge, kwenye mgahawa wa Dilys, wakavua glavu wakazipanga juu ya hita zikaanza kutoa mvuke, na akaletewa maharage juu ya mkate wa kuchoma pamoja na birika zima la chai. Noreen anasema hajawahi kula chakula kitamu namna ile, wala harusini kwake. Jumatatu akanunua madigadi, tena yenye ulimi mrefu wa mpira unaokaribia kugusa lami. Tangu siku hiyo, ukiacha mafua makali na harusi ya dada yake ambaye hakujua kuchagua siku, Jumapili hazijampita.

Sasa chama kile kilikuwa na desturi moja ambayo haikuandikwa popote. Hakuna kuuliza kama safari ipo. Unaamka, unatukana, unakwenda chini ya saa. Ukikuta watu, safari ipo. Kila mtu kitandani kwake aliamini wenzake wameshaondoka, akaona aibu, akainuka. Wakikutana pale wote wameshalowa, na mtu akishalowa hana cha kupoteza. Tena walikuwa waongo wakubwa.

"Mvua gani?" mmoja angesema huku kofia inachuruzika. "Huu si umande tu?"

"Mimi leo nimesikia hata joto."

Kwa uongo huo walipanda milima miaka na miaka.

Aliyeharibu mambo ni Clive Sugden, na aliharibu kwa nia njema, ambayo ndiyo njia mbaya zaidi ya kuharibu kwa kuwa huwezi hata kumpiga mtu. Clive alistaafu kazi ya bima akachaguliwa mwenyekiti. Ni mtu mzuri, mpole, anapenda mpango. Akaanzisha grupu la chama kwenye simu, ili, alivyosema, watu wajuane hali zao. Wakajuana kweli. Ikifika Jumamosi mchana simu inaanza kulia. *Nasikia kesho itanyesha.* *Huku kwetu upepo tayari.* *Goti langu jamani.* *Wenzangu mnaonaje?* Kila mmoja akimngoja mwenziwe ateleze kwanza. Kabla ya chakula cha jioni safari imekufa, na ukimtafuta aliyeiua humpati.

Majira hayo ya baridi yalipofika katikati, waliokuwa wakipanda Withen Edge walibaki Noreen na rafiki yake Pauline Crabtree, nesi mstaafu ambaye hupanda mlima kwa ajili ya keki na hafichi. Mwisho hata Pauline akaanza kuumwa na kidole.

Hapo Dilys akasema lake. Dilys ni mwanamke mkavu wa maneno, mikono kama ya mwanamume. Wateja wake wa siku za jua ni watembea milima, lakini Jumapili za baridi alikuwa akiwasha jiko kwa ajili ya chama peke yake. Ana meza moja ndefu, ya chama. Alimwekea Noreen supu mbele, akabaki amesimama.

"Shoga, nisikilize. Naamka giza, nawasha moto, napika sufuria la kulisha jeshi, halafu unaingia wewe peke yako unaniambia wengine wana magoti. Mimi mbwa wangu amenenepa kwa supu yenu. Jumapili ijayo nataka meza hii ijae. Isipojaa, nafunga mpaka Pasaka."

"Dilys, mpaka Pasaka ni mbali."

"Ni mbali kwako. Mimi nitalala."

Noreen alishuka mlima siku hiyo bila kupiga breki, kichwa kimejaa. Bila Dilys hakuna safari. Hakuna mtu mwenye akili atakayepanda mlima kwenye mvua ili akafikie mlango uliofungwa, hata yeye. Na bila safari, Jumapili ilikuwa nini? Ilikuwa kukaa na friji na kusubiri Ken apige simu kuhusu jua. Mpaka Pasaka! Alijijua. Mwili wake ukishazoea kochi, Pasaka ingemkuta hawezi kupanda hata ngazi za soko.

Basi wiki ile mapazia ya watu yalingoja. Noreen aliwazungukia wanachama mmoja mmoja.

Farooq Mirza, dereva wa basi la mjini, Noreen alimnasa dukani kwa muuza jibini.

"Dada Noreen, mimi wiki nzima naendesha abiria ndani ya mvua," Farooq akalalamika. "Jumapili nayo niende mwenyewe kuitafuta?"

"Wiki nzima umekaa kwenye kiti chenye hita, bwana we. Mvua unaiona kwenye kioo kama sinema."

"Mke wangu anasema nitapata nimonia."

"Mkeo ndiye aliyeniambia nikutoe. Mama yake anakuja Jumapili."

Farooq akapima jibini mkononi. "Mama yake anakuja? Mbona sijaambiwa?"

"Ungeambiwa ungekimbilia Scotland."

"Tunaondoka saa ngapi?" Farooq akauliza.

Kwa ndugu wawili wa Holroyd alitumia ujanja mwingine. Hao wanaishi nyumba zinazoshikana ukuta, na hawajasemezana tangu wagombanie kabati la marehemu mama yao. Lakini kila mmoja hujua mwenziwe amekula nini. Noreen alimwambia mkubwa kwamba mdogo anakwenda, akavuka ua akamwambia mdogo kwamba mkubwa anakwenda, tena amesema atafika juu wa kwanza. Hapo hakukuwa na haja ya kusema zaidi.

Clive naye, Noreen alimkuta gerejini. Alikuwa juu ya baiskeli iliyofungwa kwenye mashine ya mazoezi, kaptura, fulana, feni linampuliza, macho kwenye televisheni yenye milima ya theluji. Jasho linamwagika.

"Bi Noreen! Ngoja kidogo, nimebakiza kona mbili nifike kileleni. Niko milima ya Alpi hapa."

"Uko gereji, Clive. Nyuma yako kuna mashine ya kufulia."

"Ni mazoezi yale yale. Kitaalamu hata ni bora, hakuna upepo wa kukupotezea nguvu."

"Supu je? Televisheni inakupa supu?"

Clive akacheka, akajifuta uso. Hakuwa mtu mbaya. "Nitakuja. Naahidi kama mwenyekiti. Nitaandika kwenye grupu watu wote waje."

"Usiandike kitu! Clive, nakuomba. Usiwaulize. Ukiwauliza watakujibu."

Lakini kumwambia Clive asiandike ni kumwambia bata asiogelee. Jumamosi mchana, Noreen akiwa kibandani anakunja vitambaa, simu ikaanza kulia mfululizo. Clive ameandika kwa heshima zote: kesho safari maalumu, tafadhali thibitisheni, ila mjue hali ya hewa imetangazwa kuwa mbaya. Imetangazwa! Ndipo wakaanza. Farooq: mama mkwe ameahirisha, kwa hiyo yeye pia anaahirisha. Holroyd mkubwa: breki. Holroyd mdogo: kama yule haendi, yeye ana haraka gani? Pauline, rafiki yake wa kufa na kuzikana, aliandika kwamba kidole kimevimba na akaweka kipicha cha uso unaolia. Mwishowe Clive mwenyewe, kwa masikitiko, akasema kwa kuwa wengi hawana nafasi, labda busara ni kusubiri wiki nyingine.

Noreen akasoma mpaka mwisho. Akavuta kiti akakaa. Halafu akaandika, kidole kimoja kimoja, kwa kuwa alikuwa na hasira na maandishi yake hata siku nzuri ni ya taratibu:

*Sawa. Na mimi nimeacha. Dilys afunge. Kesho nalala.*

Wala hakuwa anatisha mtu. Alikuwa amechoka kuwavuta watu wazima kwa mikono kama mbuzi wa mnadani. Akazima simu, akaitupa ndani ya kapu la vifungo, akaenda nyumbani akakaanga chipsi.

Jumapili akaamka saa yake ile ile, mwili haujui kusoma meseji. Akalala akitazama dari. Kisha, kwa makusudi, kama mtu anayevunja mwiko ili aone kitatokea nini, akainuka na gauni lake la kulalia akavuta pazia.

Ilikuwa mbaya kuliko walivyotangaza. Theluji ya maji ilikuwa inapita mtaani kwa mlalo, ina haraka kama watu wanaowahi mazishi. Pipa la taka la jirani lilivuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia. Noreen akarudisha pazia, akajitupa kitandani, akavuta blanketi mpaka kidevuni. Raha iliyoje! Akajiambia, kumbe hivi ndivyo wenzangu wanavyoishi.

Akafumba macho. Akamwona Dilys.

Kule Withen Edge simu haishiki hata ukipanda juu ya paa. Dilys alikuwa hajasoma magoti ya mtu. Muda ule ameshawasha jiko, ameshamenya viazi, bakuli amezipanga pande zote mbili za meza ndefu, na angechungulia dirishani mpaka mchana. Kufunga afunge, lakini atafungaje bila mtu wa kumwambia usoni? Baada ya maharage yote yale na chai yote ile? Noreen alijaribu kugeukia upande wa pili. Upande wa pili napo Dilys alikuwepo, na mwiko mkononi.

"Lo!" akasema kwa sauti, akatupa blanketi. "Hata kuacha haniachi mtu niache!"

Alivaa kwa hasira. Mifuko ya mkate aliivuta mpaka mmoja ukapasuka. Baiskeli, ambayo huilaza ukumbini nyuma ya mlango kwa sababu banda linavuja, aliitoa kinyumenyume, akafunga mlango. Wala hakupitia kwenye saa ya mjini. Hakutaka kuiona saa imesimama peke yake bila mtu. Alikata kwa njia ya nyuma, ya bwawani, yenye kona nyingi.

Upepo ulimpokea pale nyumba zinapoishia. Ulimshika kifua ukamwambia rudi. Noreen akainama, akachagua gia ndogo kabisa, akawa ananyonga baiskeli kwa mwendo ambao mtu wa miguu mwenye fimbo angempita akamsalimia. Kondoo walikuwa wamejibanza nyuma ya ukuta wa mawe, wakamtazama. Noreen akawaambia, "Msinishangae, na nyinyi mko nje." Karibu na bwawa, mahali wakulima walipokuwa wamepunguza ua wa miiba, gurudumu la nyuma likatoa pumzi yote. Pancha.

Alisimama akalitazama. Mikono haina hisia, solusheni imeganda kama jibini, na maji yanashuka mgongoni kwa mstari mmoja mnyoofu. Akautafuta mwiba ndani ya tairi kwa midomo maana vidole havikusikia kitu, akaupata, akautema. Akaweka tyubu mpya. Na alipokuwa anapiga pampu, uso mwekundu, makamasi yanatiririka, wazimu ukampanda akaanza kucheka peke yake. Kwa sababu kusema kweli alikuwa anaona raha. Ndani ya koti kulikuwa na joto kama la mkate uliotoka jikoni. Moyo unapiga. Kitandani kule moyo ulikuwa unapiga pia, lakini kwa adabu tu.

Alipofika juu alikuwa na hamu ya kumsimulia mtu juu ya lile pipa la taka. Akafungua mlango wa Dilys, mvuke wa supu ukampiga usoni, akaiona meza ndefu. Bakuli zote zimepangwa. Vijiko. Chupa za mchuzi. Hakuna mtu.

Dilys akatoka jikoni anafuta mikono. "Peke yako?"

"Peke yangu." Noreen akavua kofia, maji yakamwagika sakafuni. "Nimekuja kukwambia hawaji. Niliona nisikwache unachungulia dirishani."

"Umepanda mlima kwenye hali hii kuja kuniambia hakuna anayekuja?"

"Ndiyo."

Dilys akamvutia kiti. "Kaa ule," akasema. Akamjazia bakuli. Halafu akaenda mlangoni, akalishika lile bango dogo linaloning'inia kwenye kioo, upande mmoja *Karibu*, upande mwingine *Pamefungwa*. Akaligeuza. Noreen akachota supu, akaipuliza zaidi ya ilivyohitaji, ili apate sababu ya kuinamisha uso.

Dilys hajafika hata jikoni, mlango ukapigwa teke.

"YUPO!" Farooq akapiga kelele kugeukia nyuma. "Yupo jamani! Mzima! Anakula supu!"

Nyuma yake wakamiminika. Ungedhani wametoka kuchimbwa makaburini. Hakuna aliyekuwa na uso. Kulikuwa na tope na macho. Noreen alimtambua Pauline kwa kilio.

"Mshenzi wewe!" Pauline akalia, akamkumbatia na tope lake lote. "Mshenzi! Nilidhani umekufa!"

"Nife kwa nini? Nilisema nalala."

"Ndiyo maana! Wewe Noreen, ulale? Jumapili? Nimekuwa nesi maisha yangu yote, mtu kama wewe akisema analala mimi najua ni moyo!"

Wakaanza kusema wote pamoja. Kumbe ile meseji ndogo ilikuwa imewakosesha usingizi mmoja mmoja. Jumapili zote walizokuwa wanajilaza, walikuwa wanajilaza kwa amani, wakijua Noreen yuko huko nje analowa kwa niaba yao. Asubuhi ile Pauline akatoka kwenda kumwangalia. Kufika mlangoni kwa Noreen akamkuta Farooq. Wakaja ndugu wa Holroyd, kila mmoja upande wake wa barabara. Wakaja na wengine. Kila mtu alidhani atakuwa peke yake. Na wote kwa baiskeli, maana, kama alivyosema Farooq, "mtu unamwendeaje Noreen kuomba radhi na gari?"

"Tumegonga mlango mpaka majirani wametoka," Farooq akasema. "Clive akapiga magoti akaita kwenye tundu la barua. Unajua alisema nini? 'Noreen, kama umekufa, sema!'"

"Nilichanganyikiwa," Clive akasema kutoka nyuma ya tope.

"Mimi ndiye niliyechungulia," Farooq akaendelea, "nikaona baiskeli haipo ukumbini. Nikawaambia, haya, huyu mama ametuambia analala na ameondoka. Tufanyeje? Tumfuate tumtukane."

"Na nyuso zenu zimepatwa na nini?" Noreen akauliza, kijiko bado mkononi.

Wote wakageuka wakamtazama Clive.

"Baiskeli yangu ya baridi imefungwa kwenye mashine," akasema kwa unyonge. "Skrubu zimeshika kutu. Nikachukua ile ya kiangazi."

"Isiyo na madigadi!" Pauline akapaza sauti. "Na akatangulia mbele! Mlima mzima! Tunamwita, Clive rudi nyuma, Clive kaa nyuma, hasikii, amehangaika, anakwenda kama ambulansi! Tumekula nyika yote hii!"

"Hivi ndivyo Alpi ilivyo, mwenyekiti?" Holroyd mdogo akauliza.

"Mwambieni huyo," Holroyd mkubwa akasema akitazama dari, "kwamba hilo limenichekesha." Na Holroyd mdogo, ambaye alikuwa amesimama ubavuni pake kabisa, akajibu mwambieni asante.

Glavu zikapangwa juu ya hita, mvuke ukajaa chumbani. Wakakaa. Dilys alipita na sufuria akijaza bakuli, na kila alipopita watu walimtazama kama watoto wanaomtazama mwalimu mwenye matokeo. Alipomaliza akasimama kichwani pa meza akaipitia kwa macho, upande huu, upande ule.

"Kiti kimoja kitupu," akasema.

Kweli. Katikati ya wale ndugu wawili kulikuwa na kiti, na bakuli lake, halina mtu.

"Dilys, kwa huruma yako," Farooq akaanza.

"Nilisema ijae. Sikusema ikaribie."

Clive akainuka. "Naweza kushuka nikamleta mtu. Nikitumia ile njia fupi..."

"Keti, Clive," wote wakasema.

Noreen akaweka kijiko. Alimtazama Dilys pale aliposimama, aproni imelowa, sufuria mkononi, nywele zimemshika usoni kwa mvuke, na akatambua kwamba miaka yote hiyo hajawahi kumwona mwanamke huyu amekaa.

"Umekula wewe?" akamuuliza.

"Nini?"

"Tangu giza uko jikoni. Umetia nini tumboni?"

Dilys akachungulia ndani ya sufuria. "Nimeonja chumvi."

"Basi kiti hicho ni chako. Leta hilo sufuria. Holroyd, sogea. Na wewe Holroyd, sogea huko."

Pauline alimvua sufuria mikononi, Farooq akavuta kiti, na Dilys, akilalamika kwamba hajakaa na wateja tangu azaliwe na hataki kuanza leo, akaketi katikati ya wale ndugu. Wakamjazia bakuli. Akachota, akameza, akatulia.

"Chumvi imepungua," akasema.

"Mwambieni huyo anipe chupa ya chumvi," Holroyd mkubwa akasema. Dilys hakumwambia mtu. Alinyoosha kidole tu kwenye chupa kisha kwa huyo mkubwa, na Holroyd mdogo, akiwa hana pa kupitia, akampa ndugu yake chumvi mkononi kwa mkono wake. Meza nzima ikajifanya haikuona.

Walikula mpaka mwiko ukasikika unakwangua kitako cha sufuria. Pauline alikula keki tatu na kidole chake hakikutajwa. Halafu Dilys akainuka, akaenda mlangoni, akaligeuza lile bango.

"Sawa," akasema. "Jumapili nitawasha moto. Jumapili zote. Ila mimi sina msaidizi siku za baridi, na leo nimegundua kukaa ni kuzuri. Vyombo mtaosha wenyewe. Kuanzia leo."

Wote wakatazama bakuli, sufuria, vikombe, birika, vilivyojaa meza kutoka mwisho hadi mwisho na tope la mikono yao. Nje upepo ulikuwa unalipiga dirisha kwa viganja viwili.

"Unajua," Farooq akasema akiifikia kofia yake, "naona imepungua kidogo."

"Imepungua sana," Clive akasema.

"Mbona hiyo si mvua," Pauline akasema, tayari ameshika glavu, zinachuruzika. "Twendeni kabla haijarudi. Mimi nasikia hata joto."

Viti vikaburuzwa, watu wakasongamana, makoti mabichi yakavaliwa kinyume kwa haraka. Hawajawahi kuonekana waendesha baiskeli wenye hamu ya mvua kama wale. Walipofika mlangoni walimkuta Noreen, ametangulia, mgongo umeegemea kitasa, mikono kifuani.

"Hakuna anayetoka," akasema. "Clive, wewe mwenyekiti. Shika kitambaa."